Jinsi ya kuitafuta abasia iliyopotea pale Reading, wikiendi moja, na watoto na wazee ndani

Nianze na kosa langu ili wewe usilirudie. Mara ya kwanza nilipowapeleka watu Reading, mji ulio magharibi ya London, tulikuwa kumi na tatu, wakubwa kwa watoto, na nilikuwa nimewajaza maneno kwelikweli kwenye grupu letu la WhatsApp kwamba tunaenda kuona abasia (makao ya wamonaki) ya mfalme, moja ya zile kubwa kabisa Uingereza enzi hizo. Tukafika, tukaingia kwenye magofu, dakika ishirini tumemaliza. Shangazi mmoja tuliyekuja naye akanivuta pembeni akaniuliza kwa upole, "Baba Neema, ndo hii tu?"

Ndo hii tu. Kuta zimechakaa, juu wazi, njiwa wamejaa, na mbele yako ukuta wa jela.

Sasa mi nimekulia Songea. Kwetu abasia ni Peramiho, yani kitu hai, ina kengele, ina hospitali ambayo nusu ya ukoo wetu wamezaliwa pale, ina karakana, ina wamonaki unaokutana nao njiani unawasalimia. Binti yangu tulishampeleka kule likizo akaiona. Kwahiyo aliposimama katikati ya yale magofu akauliza swali ambalo ndo lilinifundisha namna ya kuipanga hii safari vizuri: "Baba, sasa yenyewe imeenda wapi?"

Hilo swali ndo ramani yako. Abasia ya Reading ilipukuchuliwa kama muhindi. Pale kwenye magofu unaona gunzi. Mahindi yenyewe yamesambaa, mengine yako kwenye kanisa jingine hapohapo mjini, mengine makumbusho, mengine yako kwenye daraja maili kadhaa huko, na kuna mkono wa mtu uko Marlow, ndio, mkono, tutaufikia. Kwahiyo usipange siku moja ya kuangalia gunzi. Panga siku mbili, Jumamosi ya kuona kilichobaki na kutembea pale ambapo hapaonekani kitu, Jumapili ya kufuata mahindi.

Lini uende. Magofu yako wazi mwaka mzima, mchana, na kiingilio ni bure, sio lazima usubiri tukio lolote. Lakini kama unataka watu wa kukuelezea na milango ambayo kwa kawaida inafungwa, lenga mwezi wa tisa kwenye Heritage Open Days, hizo ni siku kama kumi hivi kila mwaka ambapo Uingereza kote majengo ya kale yanafunguliwa bure na watu wa kujitolea wa mtaa husika wanatembeza wageni. Matembezi ya kuongozwa mengi yanataka ujiandikishe mapema na nafasi zinaisha haraka sana, usiwe kama sisi wa "tutaona siku yenyewe". Kuna pia watu wa Friends of Reading Abbey, wenyeji wanaoipenda hii kitu toka zamani, ukiona wanaandaa matembezi we ingia tu, wazee wa hivyo wana stori ambazo hazipo kwenye kibao chochote.

Wiki moja kabla wape watu stori. Hii usiiruke, maana magofu bila stori ni mawe. Mi huwa nawapa kwenye grupu kwa vipande vya sauti, dakika mbilimbili, kila jioni kimoja, hadi watoto wanadai kesho inakuwaje. Kipande cha kwanza ni meli. Usiku wa tarehe 25 Novemba 1120 meli iliyoitwa White Ship inaondoka Barfleur pale Normandy kurudi Uingereza, imejaa vijana wa wakubwa, wamelewa, inagonga mwamba na kuzama. Ndani yumo William, mtoto pekee wa kiume wa ndoa wa mfalme Henry I. Mwaka uliofuata, 1121, Henry anaanzisha abasia Reading, na kwenye hati yake anasema ni kwa ajili ya roho yake na roho za wazazi wake, kaka yake, mkewe na huyo mtoto wake William. Wamonaki wa kwanza wakaletwa kutoka Cluny Ufaransa na Lewes hapa Uingereza, watu wa kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto inayofuatwa Peramiho na Ndanda mpaka leo. Hapo wazee wa kwetu wanaanza kuitikia, eeh, kumbe ni hawahawa.

Kipande cha pili ni samaki, watoto wanakipenda. Henry alifariki Desemba 1135 akiwa Normandy, na mwandishi mmoja wa zama zile anasema alikula lampri, hao ni samaki warefu kama mkunga wenye mdomo wa kunyonya, ambao daktari alishamkataza. (Kila ukoo una mzee wa namna hii, usimtaje jina.) Matumbo yake yakazikwa kulekule Normandy, mwili ukatiwa chumvi ukashonewa ndani ya ngozi ya fahali, ukasubiri upepo mzuri, ukavushwa bahari, na Januari 1136 akazikwa Reading mbele ya altare kuu.

Cha tatu ni mwisho wake. Karne nne abasia inakula na kusali, wafalme wanalala pale, bunge limekaa pale mwaka 1453, mahujaji wanamiminika kwa sababu ya masalia ya mkono unaosemwa ni wa Mtakatifu Yakobo mtume. Alafu anakuja Henry mwingine, wa nane, anagombana na Papa, na kati ya 1536 na 1540 nyumba za kitawa zaidi ya 800 zinafungwa. Abati wa mwisho wa Reading, Hugh Faringdon, alishtakiwa uhaini na tarehe 14 Novemba 1539 akanyongwa na kukatwakatwa mbele ya lango la abasia yake mwenyewe. Hiki kipande kwa watoto wadogo nakipunguza makali. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri mwaka 1895, na kuna sekondari ya Kikatoliki hapohapo mjini yenye jina lake.

Baada ya hapo tafuta jioni moja ukae na ramani. Tovuti ya maktaba ya taifa ya Scotland ina ramani za zamani za Uingereza bure kabisa, unaweka ya zamani juu ya picha ya satelaiti unaivuta huku na huku, jengo la leo linafifia la kale linatokea. Kuna pia ramani ya mji ya John Speed ya mwaka 1611 inayoonyesha eneo la abasia likiwa bado ni kubwa. Huhitaji utaalamu. Soma tu majina ya mitaa: Abbey Street, Abbey Square, Abbot's Walk, The Forbury. Jengo likiondoka jina huwa linachelewa kuondoka, hata kwetu uliza kwanini kituo cha daladala kinaitwa Mwembeni na mwembe haupo. Chapisha ukurasa mmoja wa ramani kwa kila mtoto na kalamu ya rangi, simu ziachie watu wazima, maana ukimpa mtoto simu "aangalie ramani" baada ya dakika tatu anaangalia kitu kingine.

Mizigo sasa. Viatu vya kutembea vyenye soli, nyasi pale zikiloa zinateleza. Koti la mvua hata kama jua linawaka. Mwavuli mmoja mkubwa kwa ajili ya bibi. Chai ya tangawizi kwenye chupa, maandazi au chapati zilizokunjwa, na mkeka, kwasababu mtakula Forbury Gardens ambayo iko pembeni kabisa ya magofu na ina nyasi nzuri. Kamba ya mita kumi! Hii usisahau, nitakuambia ya nini. Na tochi ndogo ya kumulika ukuta kwa pembeni. Vyoo hakuna kwenye magofu, maliza stesheni au subiri makumbusho, na hili mtangazie kila mtu kabla hamjashuka kwenye treni, narudia, kabla hamjashuka.

Jumamosi. Kutoka London Paddington treni ya haraka ni kama nusu saa, ile ya Elizabeth inasimama kila mahali lakini mkiwa wengi na watoto wanapenda kuhesabu vituo sio mbaya. Kutoka stesheni ya Reading mpaka Forbury ni mwendo wa miguu wa dakika chache. Fikeni saa nne asubuhi kabla ya watu wa mapumziko ya chakula hawajajaa.

Msikimbilie magofu kwanza. Anzeni kwenye lango, Abbey Gateway. Hilo ndo limebaki likiwa na umbo la jengo, na hata lenyewe lilianguka kwa dhoruba mwaka 1861 likajengwa upya na George Gilbert Scott, kwahiyo sehemu kubwa unayoiona ni ya juzijuzi. Jane Austen, yule mwandishi wa riwaya, alisoma shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa inatumia lango hili, 1785 mpaka 1786. Wasomaji wa vitabu kwenye grupu watapiga picha hapo, wape dakika tano alafu waambie wageuke nyuma waangalie bustani, maana bustani ile ilikuwa ua wa nje wa abasia, pale ndo watu wa kawaida waliishia. Simba mkubwa wa chuma aliyepo katikati hahusiki kabisa, ni kumbukumbu ya askari waliokufa vita vya Afghanistan 1880, lakini watoto hawataondoka mpaka umweleze, we mweleze. Kuna msalaba mkubwa wa mawe wa kumkumbuka Henry pia, utauona tu.

Alafu ndo mnaingia kwenye magofu, na hapa ndo fundi wa ujenzi kama mnaye kwenye msafara apewe nafasi. Sisi tulikuwa naye, mzee aliyefanya kazi ya uashi Mbinga miaka mingi. Alisogea ukutani mpaka pua inagusa, akapapasa, akasema "huu ukuta umevuliwa nguo". Na ndivyo ilivyo. Sogea hivyohivyo. Utaona mawe ya gumegume, meusi ndani na meupe kwa nje kama ganda la yai, yamepasuka yanametameta, yamelazwa kwenye chokaa nene yenye changarawe, mengine yamepangwa mistari, mengine yamemwagwa tu. Hicho ni kifusi cha ndani ya ukuta. Hakikukusudiwa kuonekana. Nje palikuwa na mawe ya kuchongwa, laini, meupe, yaliyoletwa kwa meli kutoka Caen kulekule Normandy, na sababu ya kuyaleta kutoka mbali hivyo ni kwamba maeneo ya Reading yana chaki na gumegume tele ila jiwe zuri la kuchonga hakuna. Sasa fikiria mwenyewe, abasia imefungwa, mwenye nguvu amekufa, na umezungukwa na mji ambao hauna mawe mazuri, na pale kuna mlima wa mawe yaliyokwisha kuchongwa na mraba umekaa sawa. Nani angeyaacha? Kwa hiyo walichukua nguo wakaacha mwili, kwasababu gumegume lililoshikana na chokaa ya miaka mia nne kulibomoa ni kazi kuliko faida.

Mulika tochi yako kwa pembeni ya ukuta, chini na kwenye kona, tafuta sehemu jiwe la kuchonga limebaki moja au mawili. Hiyo ndo gemu ya watoto, anayepata jiwe la kuchonga anapata andazi. Neema alipata moja kwenye kona, limechongwa kidogo tu, akaweka kidole kwenye alama za patasi, na yule mzee akamwonyesha upande patasi ilikotokea, kwamba fundi alikuwa amesimama hivi, anapiga kuelekea huku. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya siku ile na sikujutia.

Chumba kinachoeleweka zaidi ni ukumbi wa baraza, ambapo wamonaki walikaa kila asubuhi kusomewa sura ya kanuni na kuungama makosa yao mbele ya wenzao. Kuta zake bado ni ndefu na upande mmoja umekunjika nusu duara. Ndani kuna vibao vya mawe, kimojawapo kina noti za muziki, ni wimbo wa kiangazi wenye ndege kekeo ndani yake ambao uliandikwa katikati ya karne ya 13, na kitabu chake cha asili kinahusishwa na abasia hii, leo kiko British Library. Ni wimbo wa kupokezana, mmoja anaanza mwingine anafuata nyuma na maneno yaleyale, sauti zinapandiana mpaka sita. Tulijaribu na wimbo mmoja wa kwaya yetu, tukiwa tumesimama makundi manne kwenye kona. Hamna paa lakini zile kuta zinarudisha sauti vizuri, wapita njia wawili wakasimama kusikiliza, mtoto wa mwisho akakosea zamu yake tukacheka tukaanza upya.

Upande wa pili kuna ukumbi wa kulia chakula, bweni, na mabaki ya vyoo vyao upande wa mtoni. Waonyesheni watoto vyoo, hawatasahau. Tena uliza swali la fundi, maji yalitoka wapi yakaenda wapi, utajikuta unaongelea mto Kennet na kijito cha Holy Brook kilichokuwa kinazungusha kinu cha abasia, na ghafla mahali ambapo palionekana ni kuta tupu panaanza kuwa na watu waliokuwa wanasaga unga na kwenda haja.

Sasa ile kamba. Kanisa la abasia lilikuwa na urefu wa kama mita 137. Huwezi kulitembea lote lilipokuwa, kwasababu lilianzia upande wa bustani, likapita lilipo kanisa la Mtakatifu Yakobo lililojengwa kwenye miaka ya 1830, likaishia ndani ya uwanja wa jela. Kwahiyo fanya hivi, tokeni nje muende Chestnut Walk, ile njia iliyonyooka kando ya mto Kennet, ambayo inaenda karibu sambamba na lilivyokuwa kanisa. Mtu wa kwanza anasimama, mnavuta kamba ya mita kumi mara kumi na tatu na ziada ya mita saba, na kila mnapofika mwisho wa kamba mtoto mmoja anabaki amesimama hapo kama nguzo. Tulivyomaliza, Neema wa kwanza na binamu yake wa mwisho walikuwa wanapungiana mikono kwa mbali kabisa na ilibidi wapige kelele ndo wasikilizane. Shangazi, yuleyule wa "ndo hii tu", aliangalia ile foleni ya watoto akasema tu "Yesu wangu". Hakuna picha wala bango linalofanya kazi hiyo kama kamba ya shilingi mbili.

Hapo mkiwa Chestnut Walk mna ukuta wa jela pembeni, jela ya 1844, imechorwa na Scott yuleyule wa lango. Mwandishi Oscar Wilde alifungwa humo kati ya 1895 na 1897. Ilifungwa miaka kumi na kitu iliyopita. Sababu ya kuitaja ni kwamba kaburi la Henry I, mfalme wetu wa lampri, linadhaniwa kuwa hukohuko upande wa jela, maana ndo upande altare kuu ilikokuwa, na mwaka 2016 walipitisha rada ya kupima chini ya ardhi maeneo haya wakaona vitu vinavyofanana na makaburi. Wenye hamu ya kufukua tulieni. Eneo lote linalindwa kisheria, ukionekana na kile kifaa cha kutafuta chuma bila kibali ni kosa la jinai, na hata kipande cha gumegume kilichoanguka usikitie mfukoni, wala watoto wasipande kuta, na hili sio ukorofi: magofu yalifungwa toka 2009 kwasababu mawe yalikuwa yanadondoka, yakatengenezwa kwa zaidi ya pauni milioni tatu, yakafunguliwa tena Juni 2018. Tumeyapata kwa shida, tuyaache yalivyo.

Mkishakula, malizieni Jumamosi hiyohiyo na Reading Museum, iko kwenye jengo la Town Hall karibu tu. Usiiache ya Jumapili, na angalia saa zao kabla ya kwenda. Hapa ndo mnaanza kula mahindi. Kuna mawe ya kuchongwa kutoka kwenye kibaraza kilichozunguka ua wa ndani wa abasia, vichwa vya nguzo vyenye majani yaliyosokotwa na wanyama wa ajabuajabu, na mengine hayakupatikana Reading kabisa, yalifukuliwa kwenye mashamba ya Borough Marsh huko karibu na Thames, watu waliyabeba wakaishia kuyatumia kama mawe ya kawaida. Waambie watoto watafute kombe. Kombe la pwani, ndio, lile la baharini: alama ya abasia ni kombe tatu kwasababu mahujaji wa Mtakatifu Yakobo huvaa kombe. Wale waliolelewa Lindi na Mtwara kwenye grupu walicheka sana, kwao kombe ni mchuzi.

Nakala ya ile tapestri ya Bayeux, kitambaa kirefu kilichotariziwa stori ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, ipo pia humo, nakala hiyo ilishonwa na wanawake wa Uingereza enzi za Victoria, ndefu, nzuri, ila kama miguu imechoka iacheni.

Jumapili ni fupi na ya kufuata. Anzeni na kanisa la St Mary's mjini, wanaliita Minster, lipo eneo la St Mary's Butts. Lilijengwa upya miaka ya 1550 kwa mawe na mbao zilizotoka abasia. Simameni nje kwanza mwangalie mnara wake, una miraba ya gumegume na mawe meupe kwa kupishana, ni ubao wa drafti mtupu. Mkikuta ibada inaendelea kaeni nyuma kimya au subirini nje, msiingie na kamera katikati ya sala, mi niliona kundi moja likifanya hivyo nikaona aibu kwa niaba yao.

Mwenye gari anaweza kupeleka wachache kuona daraja. Barabara ya A321 kati ya Wargrave na Henley inapita juu ya upinde wa mawe ulioungwaungwa, ulijengwa miaka ya 1760 na jenerali mmoja, Conway, kwa ajili ya shamba lake la Park Place, na mawe mengi yaliyomo yalitoka abasia ya Reading. Magari mengi yanapita hapo kila siku na dereva hajui amekanyaga nini. Sio sehemu ya kusimamisha gari hovyo, ni barabara yenye kona, kwahiyo tafuta pa kuegesha mbali kidogo na watoto washikwe mikono.

Wasio na gari waende Marlow. Treni kutoka Reading, mnabadili Maidenhead. Mwaka 1786 mafundi waliokuwa wanajenga jela, ile ya kabla ya hii ya sasa, walikuta ukutani kwenye magofu mkono wa mtu uliokauka, wa kushoto. Wengi wanaamini ndo ule mkono wa Mtakatifu Yakobo ambao Matilda, binti wa Henry I, alirudi nao kutoka Ujerumani na ukawafanya mahujaji wajae Reading, kwamba wamonaki waliuficha mambo yalipoharibika. Leo uko kwenye kanisa Katoliki la St Peter's Marlow. Piga simu parokia kabla, jitambulishe, sema mko wangapi, maana ni parokia yenye waumini wake na ratiba yake na Jumapili wana misa.

Kama hauishi karibu na Reading, kamba na ramani zinafanya kazi popote. Chertsey kule Surrey abasia imepotea karibu yote, Winchester kuna Hyde alikozikwa mfalme Alfred, Evesham umebaki mnara wa kengele. We uliza swali lilelile la Neema, imeenda wapi, alafu anza kuangalia kuta za nyumba za jirani, za bustani, za makanisa madogo, utashangaa.

Siku ile Marlow tulikuwa saba tu, wengine walichoka. Nikaanza kuwaeleza kwamba kwa kweli haijulikani kama huu ni mkono wa mtume au wa maskini mmoja tu, shangazi akanikata katikati, "Baba Neema, we si ulituleta kuangalia? Basi tuache tuangalie." Akapiga ishara ya msalaba, akakaa kwenye benchi, akatoa rozari yake, na rozari ya shangazi haiharakishwi. Ndo tukakosa treni. Stesheni ya Marlow ni jukwaa moja tu na Jumapili treni sio nyingi, kwahiyo maandazi msiyamalize yote Jumamosi.